Mdogo Wangu, Hiyo Picha Usiitie Laminesheni

Haya, sogezeni viti. Mvua ya masika imeikalia Mibirizi tangu juzi, nguo zangu zimening'inia barazani na hazina habari ya kukauka, nami nina kikombe changu cha kahawa mkononi. Kahawa ya hapa hapa, msinicheke. Misheni yetu ilianza mwaka 1903, na mapadri wake ndio waliopanda miche ya kwanza ya kahawa Rwanda. Hadi leo kuna aina ya mbuni inayoitwa Mibirizi, na wataalamu wanaijua hata wasioijua njia ya kufika huku kilimani. Lakini leo si siku ya kahawa. Leo nimeletewa barua kuhusu picha za ndege.

Mdogo wangu wa Bugarama anaandika hivi: babu yake alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja upande wa Bukavu, enzi zile. Mwaka jana mzee alitangulia. Walipofungua sanduku lake la bati wakakuta, chini ya koti na mkanda wa suruali, picha sita za ndege, kila moja ukubwa wa daftari kubwa, rangi zinang'aa kana kwamba zimepakwa jana. Ila kingo zimekuwa za kahawia, na moja imechanika kona. Kaka yake anataka zipelekwe Kamembe zikatiwe laminesheni, zitundikwe sebuleni mkabala wa dirisha, wageni wazione. Jirani anasema yupo bwana anayenunua vitu vya kale na analipa papo hapo. Na yeye mwenyewe alikwisha kukata kipande cha selotepu aizibe ile kona, akasita, akaniandikia.

Mpenzi, uliposita ndipo ulipookoa mali ya babu. Hiyo selotepu irudishe kwenye droo.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi sikusita. Miaka mingi iliyopita nilinunua Bukavu, kwenye meza ya vitabu vikuukuu, picha moja ya shorobo. Shorobo mnamjua: yule ndege wa msituni mwenye kishungi, akitulia matawini humwoni, akiruka mbawa zake nyekundu zinafunguka ghafla ukadhani mtu amepeperusha kanga kati ya miti. Picha ilikuwa na mpasuko mdogo, urefu wa ukucha. Nikabandika selotepu mbele na nyuma, nikajisifu. Mwaka wa pili ule utepe ukageuka rangi ya chai. Mwaka wa tatu plastiki ikajibandua yenyewe, gundi ikabaki, imeshanyonywa na karatasi. Pale penye gundi karatasi ikawa inapitisha mwanga, kama gazeti lililofungiwa maandazi ya moto. Nikampelekea fundi fremu mmoja anifichie aibu. Yeye, kwa nia njema kabisa, akaipaka gundi ya mbao mgongo mzima na kuibandika juu ya hadibodi ili isikunjamane. Hadibodi ina asidi, na asidi haina haraka. Leo shorobo wangu ana rangi ya tumbaku, na ukimgusa ukingoni anameguka kama biskuti.

Tangu siku hiyo nina sharti moja, nami nalisema mbele ya kaka yako na jirani yako: picha ya kale usiifanyie jambo lisilotanguka. Laminesheni haitanguki. Ile mashine inayeyusha gundi kwa joto na kuisukuma ndani ya nyuzi za karatasi, na plastiki mbili zikishaoana na picha hapana talaka. Karatasi inaendelea kuchakaa humo ndani, wewe unaitazama tu.

Sasa tuzishike hizo picha, lakini taratibu. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, wala usipake mafuta baadaye. Vua pete na bangili. Tandika shuka safi mezani, chai ikae chumba kingine. Picha haivutwi kwa kona. Telezesha kadi ngumu chini yake, uibebe kama unavyobeba sinia. Watoto wakae mbali kidogo, na si kwa ajili ya picha pekee: baadhi ya rangi za kijani za karne ya 19 zilikorogwa na aseniki, ile ile sumu. Ukimaliza, nawa tena.

Nenda nazo karibu na mwanga wa mchana, na utafute kioo cha kukuza. Kama huna, mafundi saa wanavyo, omba uazime dakika tano. Tazama mahali penye rangi tupu, tumbo la ndege au mbingu nyuma yake. Ukiona vitone vidogo vimejipanga safu kwa safu, vya bluu, vyekundu, vya njano na vyeusi, hiyo ni chapa ya mashine ya kisasa, ukurasa wa kalenda au wa kitabu cha juzi. Usihuzunike, bado ni ya babu. Ila usikubali mtu akuuzie namna hiyo kwa jina la ukale.

Ukiona mistari myembamba iliyokatwa kwa ncha kali, na ukipapasa pembeni kidole kikaingia kwenye bonde jembamba linaloizunguka picha, umekutana na bamba la shaba: mchoro ulichongwa kwenye chuma, bamba likagandamizwa juu ya karatasi mbichi kwa nguvu mpaka likaacha alama yake. Ukiona punjepunje zisizo na mpango, kama chaki iliyopitishwa kwenye ukuta wa saruji, hiyo ni litografia. Mchoraji alichora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe laini, jiwe likalowanishwa maji, wino ukakataa penye maji na kushika penye mafuta. Ndege wengi wa Afrika waliochapwa Ulaya nusu ya pili ya karne ya 19 walipita juu ya jiwe hilo. Wino kwa kawaida ulikuwa mweusi tu. Rangi ilikuja baadaye, kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine.

Na mkono unaonekana, hapo ndipo mimi husahau hata sufuria jikoni. Sogeza kioo kwenye ukingo wa ubawa: rangi imevuka mstari kidogo, au imeukosa. Mahali pengine tone la maji lilikauka na kuacha mpaka mweusi zaidi, kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Kazi hiyo ilifanywa katika vyumba vya wapaka rangi, wengi wao wanawake na wasichana, wakiwa na nakala moja ya kuiga mbele yao. Huyu anapaka nyekundu zote, anampasia mwenzake wa kijani. Majina yao mara nyingi hayakuandikwa. Ya wanaume yapo, chini ya picha, kwa herufi ndogo kama sisimizi: ukiona “del.” ujue jina lililotangulia ni la aliyechora, “sculp.” ni la aliyechonga bamba, “lith.” ni la aliyechora juu ya jiwe, “imp.” ni la mpiga chapa.

Jina ninaloomba Mungu ulikute ni J. G. Keulemans. Alikuwa Mholanzi, mzaliwa wa Rotterdam mwaka 1842, akahamia Uingereza na kuchora ndege maisha yake yote hadi alipokufa mwaka 1912. Ndiye aliyechora picha 121 za kitabu cha Kapteni G. E. Shelley juu ya chozi, vile vindege vya mdomo uliopinda vinavyofyonza asali ya maua, kilichotoka kwa mafungu kati ya 1876 na 1880. Shelley huyo alikuwa mtoto wa ndugu yake yule mshairi Shelley, kama mnapenda udaku. Keulemans alipochora, kwa kawaida hakuwa na chozi hai mbele yake. Alikuwa na ngozi zilizokaushwa, zimejazwa pamba, miguu imefungwa uzi wenye kikaratasi. Rangi ya manyoya hudumu kwenye ngozi kavu, lakini rangi ya jicho na ya mguu hupotea ndege akishakufa, kwa hiyo mchoraji alitegemea alichoandika mwindaji, au alikisia. Ndiyo maana unaweza kukuta ndege wa kale ana jicho ambalo hakuna ndege wa msitu wa Nyungwe anayelijua. Mimi nalipenda jicho hilo kuliko lililo sahihi.

Kwa hao wanaonunua, hapa nawapa siri ambayo haihitaji hata kioo. Kila ndege ana mwaka wa ubatizo, yaani mwaka ambao mtaalamu alimtangaza kwa jina la Kilatini, na mwaka huo unapatikana kwa kupekua dakika mbili kwenye simu. Wale chozi wawili wazuri wa milima yetu, yule wa kifua cha zambarau na yule wa kifalme mwenye tumbo la nyekundu na njano, wote wawili walitangazwa na Reichenow wa Berlin mwaka 1893. Shorobo wa Ruwenzori, ambaye tunaye Nyungwe, alitangazwa na Sharpe mwaka 1901 kwa jina la Sir Harry Johnston. Yule ndege mdogo wa kichwa cheusi aliyepewa jina la Daktari Kandt, Mjerumani aliyekaa Shangi juu ya ziwa Kivu kabla ya kuanzisha Kigali mwaka 1907, ni wa 1902. Basi mtu akikuletea chozi wa kifalme akakuapia kwamba ametoka kwenye kitabu cha Shelley cha 1876, au shorobo wa Ruwenzori eti wa John Gould, mwambie Gould alifariki mwaka 1881, miaka 20 kabla ya ndege huyo kupewa jina. Kisha umwulize kama angependa chai.

Turudi Bugarama, kwenye kona iliyochanika na kingo za kahawia.

Kona iache. Weka kipande kilichochanika mahali pake, kwenye jalada, kilale hapo. Wanaoziba karatasi kwa haki hutumia uji wa wanga wa ngano uliopikwa na kuchujwa, na kamba nyembamba ya karatasi ya Kijapani yenye nyuzi ndefu, kwa sababu uji huo hata baada ya miaka 50 ukiulowanisha unaachia. Ni kazi ya kujifunza, si ya Jumamosi moja. Kingo za kahawia zimetokana na asidi: au ya karatasi yenyewe, au ya kadi mbovu iliyokaa nayo. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 karatasi ya Ulaya ilitokana na matambara ya kitani na pamba. Baadaye walianza kusaga mbao, na mbao zina kitu kinachogeuka njano. Ndiyo maana ukurasa wa mwaka 1790 unaweza kuwa mweupe kuliko gazeti la mwaka jana. Vidoa vidogo vya rangi ya kutu, kama madoa ya mkono wa bibi, vinatokana na unyevu na uchafu wa chembe za chuma, au kuvu. Ukahawia wa kingo na vidoa hivyo hutaviondoa wewe, wala mimi. Najua kuna watu watakwambia upake dawa ya kuondoa madoa kwenye nguo. Wakikwambia hivyo, nyamaza, ondoka na picha zako.

Na usifute kwa kitambaa chenye maji! Hata cha unyevu kidogo. Rangi hizo ni za maji, na mahali ndege anapong'aa mara nyingi pamepakwa utomvu wa mgunga juu ya rangi ili pameremete. Gould kwa ndege wake wadogo wa Amerika aliweka hata karatasi nyembamba ya dhahabu chini ya rangi. Ukipitisha kitambaa kibichi unaondoka na kifua cha ndege kwenye kitambaa. Vumbi liondoe kwa brashi laini sana, kavu, toka katikati kwenda nje. Ukiona rangi inajibanduka kama magamba, usitie hata brashi.

Geuza nyuma pia. Kijani kilichotengenezwa kwa shaba hula karatasi polepole, utakuta mgongoni umbo la jani au la ubawa limechomoza kwa kahawia. Ajabu ni kwamba ule wekundu wa ubawa wa shorobo halisi nao una shaba ndani yake. Church, mkemia wa Kiingereza, aliueleza mwaka 1869. Ndege anavaa shaba na hadhuriki, karatasi ikivaa inatoboka.

Sasa zihifadhiwe wapi, katika nyumba zetu hizi? Vitabu vya Ulaya vinasema chumba kiwe na unyevu wa asilimia 50 hivi na usipande usishuke. Kwetu Rusizi mwezi wa nne kuta zinatoa jasho. Tufanye tunaloweza. Kwanza, mbali na jiko. Moshi wa kuni ni mafuta yanayoelea, hukaa juu ya karatasi. Pili, mbali na ukuta wa nje, kwa sababu ukuta huo ndio unaokunywa mvua. Tafuta ukuta wa ndani, rafu iliyoinuka magoti au zaidi. Sanduku la bati la babu si baya kwa mchwa na panya, lakini bati likipoa usiku hutona maji ndani, na likipata kutu linaipaka kila kitu. Ukilitumia, liinue kwenye vigingi, picha zisiguse bati, na ndani yake zifungwe kwenye jalada la karatasi nzuri na kisanduku cha kadi. Kila picha ilale bapa kwenye jalada lake, hakuna kukunja wala kuzungusha kama mkeka. Ukipata kadi isiyo na asidi, Kigali au kwa mtu anayetoka Nairobi, nunua hiyo kabla ya kununua fremu. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa hapana, utafuga kuvu. Na chini ya godoro, enyi mnaoweka kila kitu chini ya godoro, hapana.

Kiangazi kikifika, Juni hadi Agosti, zitoe. Siku kavu, kivulini, saa moja hivi, zipate hewa, uzikague. Unatafuta vumbi la unga unga, vinyesi vidogo kama punje za pilipili manga, na kale kadudu kembamba ka rangi ya fedha kanakotimka ukifungua kitabu. Kanapenda wanga, na karatasi nyingi zina wanga. Ukikuta wadudu hai usipulize dawa. Funga picha ndani ya jalada lake, jalada ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa vizuri, uiweke kwenye friza kali kwa wiki mbili, kisha uitoe na kuiacha ndani ya mfuko siku nzima mpaka joto lilingane na la chumba ndipo ufungue. Ukifungua mapema itatoka jasho. Na friza ya jirani auzaye samaki wa sambaza isiwe ndiyo. Nawajua.

Kaka yako anataka sebuleni. Simlaumu, babu hakuzificha kwa sababu ya ubaya, na vitu vizuri vinataka macho. Mkubaliane hivi: moja kati ya sita itundikwe, tano zilale, na kila baada ya miezi mitatu mbadilishane. Ukuta uwe ule usioonwa na jua kamwe, wala wa mkabala wa dirisha. Mwanga unakula rangi za maji, na kilicholiwa na mwanga hakuna fundi duniani anayekirudisha. Zambarau na nyekundu nyingine huondoka mwanzo, ndege akabaki na kijivu kama aliyefiwa. Kioo kisiguse picha. Weka kati yake dirisha la kadi nene, nafasi ya hewa ibaki, la sivyo unyevu utaibandika picha kwenye kioo. Na picha isibandikwe kwa gundi yoyote. Kata vipande vinne vya karatasi safi, vikunje viwe vifuko vidogo vya pembe tatu kama vile vya albamu za zamani, vifuko ndivyo vibandikwe kwenye kadi ya nyuma, kona za picha ziingie humo. Siku ukitaka kuitoa unaitoa kama mtu anayevua kiatu. Mwambie fundi fremu hivyo hivyo, ukae hapo hapo akifanya, hata akikununia.

Kaka akisema hataki kungoja zamu, dawa ipo. Pigeni picha vizuri kwa simu, mchana, bila mweko, nendeni mkachapishe nakala. Nakala ikiungua na jua mnachapisha nyingine.

Haya, yule bwana anayelipa papo hapo. Sijamwona, simsemi vibaya. Lakini mtu anayekuharakisha usisubiri wala usiwaze mpaka kesho anajua kitu usichokijua. Kabla ya kuuza, ujue unachouza. Kuna maktaba kubwa ya bure kwenye intaneti inayoitwa Biodiversity Heritage Library, iliyoanzishwa mwaka 2006 na makumbusho na maktaba za nchi mbalimbali. Wameweka vitabu vya kale vya viumbe ukurasa kwa ukurasa, Shelley yumo na kina Gould wamo. Andika jina la Kilatini lililo chini ya picha yako, utafute, ulinganishe. Ukipata kitabu umepata mwaka, na ukipata mwaka umepata pa kuanzia bei.

Bei zenyewe, msidanganyike na habari za magazetini. Ni kweli mwaka 2010 kitabu kizima cha Audubon, ndege wa Amerika, picha 435 kubwa kama mlango wa kabati, kiliuzwa London kwa pauni zaidi ya milioni saba. Ni kweli vijana wanne Marekani walijaribu kuiba kitabu hicho hicho chuoni Kentucky mwaka 2004, wakashindwa kukibeba kwa uzito, wakakimbia na vingine, wakafungwa. Picha moja moja iliyotolewa kwenye jarida haiendi huko. Nyingi ni za bei ya mbuzi, si ya gari. Na uangalie muhuri: picha nyingi za ndege zilizoko mikononi mwa watu zilikatwa kwenye vitabu, mara nyingine na wauzaji wanaojua kwamba kurasa zikitawanyika zinaleta fedha kuliko kitabu, mara nyingine na mwizi wa maktaba kwa wembe. Ukiona muhuri wa maktaba au namba iliyotobolewa kwa matundu, picha hiyo huenda ina mwenyewe. Mwandikie.

Ila mdogo wangu, kuna kitu zina hizo sita ambacho za mnadani London hazina, nacho kinaweza kupotea wiki hii. Mama yako anajua babu alimpikia nani, mtaa gani, na kwa nini alipewa. Mketishe. Andika. Kalamu ya risasi laini, si bic, na uandike kwenye jalada, si mgongoni mwa picha, maana wino unapenya na kalamu ngumu inachora bonde.

Mnaona nalia na vikaratasi, lakini sikilizeni. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin alikuwa katika msitu wa Ituri, akaona unyoya mmoja kwenye kofia ya mtu, unyoya asioujua. Akauchukua, akautunza na maelezo yake. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936 yuko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, anakuta ndege wawili waliokaushwa wamewekwa pembeni, kibandiko kinasema ni tausi wachanga walioletwa kutoka nje. Akaukumbuka ule unyoya. Hawakuwa tausi wa Asia, walikuwa ndege wa Kongo ambaye sayansi haikumjua, na leo anaitwa tausi wa Kongo. Kibandiko cha uongo kilimficha miaka mingi mbele ya macho ya wataalamu; unyoya wenye maelezo ya kweli ukamfichua. Sasa wewe unaniambia huna haja ya kuandika jina la babu?

Barua ya pili ni fupi, ya kijana wa Kamembe: anataka kuanza kukusanya picha za ndege na hana fedha. Vizuri, ukosefu wa fedha utakufundisha kuchagua. Shika jamii moja, usishike ndege wote. Mimi nilianza na shorobo na hadi leo sijamaliza. Anza na stempu: posta ya Rwanda ilitoa seti ya chozi mwaka 1983, na stempu nayo ni picha iliyochapwa, inahifadhiwa kwa kanuni hizi hizi kwenye kisanduku cha mkononi. Pakua kurasa za Shelley kutoka ile maktaba ya bure, uzichapishe, uandike nyuma “nakala” kwa uaminifu. Kisha panda gari asubuhi hadi Gisakura, pembezoni mwa Nyungwe, usimame penye maua na nakala yako mkononi. Chozi atakuja. Utaona ambacho ngozi kavu haikumwonyesha mchoraji wa London: hatulii hata nukta mbili.

Na ukiwa unakusanya, kusanya karatasi, si ndege hai. Wale umusambi, korongo wenye taji, mliokuwa mnawafuga uani kwa mapambo, mbawa zimekatwa, wamechukuliwa mmoja mmoja na watu wa Daktari Olivier Nsengimana ili warudishwe porini, na wale wasioweza tena kuruka wanatunzwa kijiji cha Umusambi, Kigali. Ukimtaka umusambi ndani ya nyumba, mtundike ukutani, penye kivuli.

Mdogo wangu wa Bugarama, nangoja barua yako nyingine. Niandikie maneno yaliyo chini ya kila picha herufi kwa herufi, hata usipoyaelewa, hata nukta. Uniambie karatasi ukipapasa pembeni ina bonde au ni tambarare, na ile iliyochanika kona ina ndege gani, kwa sababu hukusema.